Fundi wa Betri Kwenye Noti

Sekela, mama,

Kukuandikia barua wakati uko chumba cha pili unapanga nguo, tena nakusikia mpaka unavyokohoa, ni kituko. Mama yako amepita hapa mezani mara mbili akinitazama kwa jicho la pembeni. Lakini mdomo wangu unaujua. Niweke mbele ya mteja, nitaongea tangu asubuhi mpaka jua lizame. Niweke mbele yako na neno zito, nitaanza kuulizia bei ya mahindi.

Habari za sabuni, chandarua, kuandika jina kwenye ndoo na kutoazimisha viatu, mama yako amezimaliza. Masomo yenyewe ya umeme siyajui, mimi niliishia darasa la saba pale Mpemba na hesabu yangu ni ya vidole. Kesho unakwenda Dar es Salaam kusomea uhandisi, mtoto wa mbadilisha hela wa mpakani, na mimi nimefurahi mpaka jana nilimpa mteja chenji iliyozidi na nikamshukuru. Lakini kuna kosa nililifanya, na kwa ajili yake kuna mtu humsalimii mwaka wa nne sasa. Siwezi kukuacha upande treni na kosa langu kichwani mwako ukiwa umelibandika usoni pa mtu mwingine.

Namzungumzia baba yako mdogo, Simoni.

Jana kwenye chakula cha kukuaga nilikutazama unavyozunguka na jagi na beseni. Ulimnawisha mchungaji, ukawanawisha wajomba zako waliotoka Isansa, ukaninawisha mimi. Ulipofika kwa Simoni ukampa mdogo wako jagi, ukaingia ndani kama umesikia sufuria inaungua. Hakuna sufuria iliyokuwa inaungua. Simoni alinyoosha mikono yake, akanawishwa na mtoto, akasema ahsante. Watu wote waliona. Mama yako alinifuata uani akaniambia, "Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi kituoni, tena mbele za watu." Unamjua mama yako, huwa hatishii.

Basi nianze mbali kidogo, univumilie.

Nilipoanza kazi hii, kukutwa na kwacha ya Zambia mfukoni ilikuwa kesi. Tulizificha kwenye soksi, na mimi nilikuwa na pea moja tu. Baadaye enzi za ruksa zikaja, biashara ikaachiwa huru, tukakaa wazi barabarani na vigoda vyetu, mafungu ya noti yamefungwa kwa mpira, madereva wa malori wanatuita kwa majina. Nilikuwa kijana na nilijivunia sana mkono wangu. Dola, kwacha, pauni, nilikuwa nazishika macho nimefumba na nakuambia hii ni nzima, hii imeloweshwa, hii imeunganishwa kwa gundi ya uji. Watu walikuwa wanatoka vigodani mwao kuja kuniuliza.

Na nilikuwa na sheria yangu moja. Noti ya kweli ina uso wa mwenye nchi: rais, mfalme, malkia. Wazambia walipomwondoa rais wao kwenye noti wakaweka ndege, nilisema sawa, yule ndege ni wa serikali. Sheria hiyo hakuna aliyenifundisha. Niliitunga mwenyewe, nikawafundisha vijana wote wa pale, na Simoni pia, niliyemleta kazini mimi mwenyewe. Siku moja akaniuliza, "Kaka, na kama kuna nchi yenye desturi nyingine?" Nikamwambia anyamaze ajifunze kazi.

Sasa ile wiki yenyewe. Nilikuwa nimepigwa. Mtu mmoja mwenye koti safi na salamu nyingi aliniachia dola za bandia, na mkono wangu huohuo ninaousifu ukazipokea. Sikumwambia mtu, hata mama yako alijua baadaye sana. Nilikuwa na hasira ya mtu aliyeaibika bila kuonekana, na hasira ya namna hiyo huna pa kuitua. Siku nne nilikaa pale kigodani nikisubiri yeyote aje akosee.

Akaja Bashi Chanda, yaani Baba Chanda kwa lugha ya kwao. Wakati huo sikujua jina lake, niliona tu mtu mfupi wa makamo, koti la kaki limefuliwa mpaka limekwisha rangi. "Mukwai, mzee, nisaidie kuchenja," akasema, na hiyo mukwai ndiyo adabu yao ya ng'ambo. Akatoa noti ya buluu iliyokunjwa mara nne ndani ya karatasi ya daftari. Alikuwa mpishi wa Wataliano waliokuwa wanachimba visima huko kwao Zambia, na siku wanaondoka walimpa noti hiyo iwe ukumbusho. Aliitunza. Sasa mkewe amejifungua, analala na kichanga kwenye mkeka, naye amevuka kuja kununua godoro. Hayo yote niliyajua baadaye, kwa sababu siku ile sikumpa nafasi ya kuyasema.

Nikaitazama ile noti. Elfu kumi, sifuri nne. Uso wa mwanamume, hana taji, hana nishani, ana sura ya mwalimu ambaye hajala mchana. Ubavuni mwake kimechorwa kitu kama visahani vimepangwa kimoja juu ya kingine, vimeshikiliwa na vijiti. Nikajisemea, rais gani huyu anapigwa picha na sahani?

Sikumuuliza swali hata moja, Sekela. Sikumuuliza ni hela ya wapi, wala ameitoa wapi. Nilimpa Simoni ile noti, nikasimama, nikageukia barabarani, nikapiga kelele: "Bandia! Huyu ana bandia!"

Ni mimi. Si Simoni. Ni mimi baba yako.

Umekulia hapa, unajua neno hilo linavyokimbia. Wapiga debe, wabeba mizigo, wauza mayai, hata asiye na shilingi mfukoni ana hasira na bandia. Kabla sijakaa, yule mtu alikuwa chini. Alikuwa anasema maneno kwa Kibemba, halafu akaacha kusema. Mtu mmoja akatoka kwenye kundi akaenda kwenye kibanda cha mafuta ya taa. Nilimwona anakwenda, na nilijua anakwenda kufanya nini. Unajua nilifanya nini mimi? Nilikumbatia boksi langu la hela lisije likaibwa.

Simoni ndiye aliyeingia katikati. Alikuwa ameinua ile noti juu, anawapigia watu kelele wangoje, waitazame kwanza. Ndipo ulipofika wewe, umetoka shule, umevaa sare, umebeba ugali wangu. Ulichokiona ni baba yako mdogo katikati ya watu wanaompiga mtu, noti iko juu mkononi mwake, mdomo wazi. Sikulaumu kwa ulichofikiri. Hata mimi ningefikiri hivyo.

Ukaweka ugali chini. Mpaka leo sijui ulipitaje kwenye ile miguu. Niliona tu umemvuta Simoni mkono, umeitazama noti, ukasema kwa ile sauti yako ya kujibu darasani, "Huyu si rais. Huyu yumo kwenye kitabu chetu cha fizikia. Ndiye aliyetengeneza betri ya kwanza. Na hii hapa ndiyo betri yenyewe."

Yule wa mafuta ya taa alikuwa ameshafika, chupa mkononi. Akauliza, "Betri gani? Ya tochi?"

"Hata ya tochi imeanzia hapa," ukamjibu. "Hivi visahani ni shaba na zinki, na katikati kuna kitambaa kilicholowekwa maji ya chumvi. Ukivipanga hivi vinatoa umeme. Volti tunazopima, zimepewa jina lake."

Fundi redio wa ile kona akaja, akavaa miwani, akaishika noti kwenye jua. Akasema mtoto anasema kweli, hiyo ni hela ya Italia.

"Nchi gani inaweka fundi kwenye hela?" mtu akauliza.

Na hapo nikaona jambo linalonishangaza mpaka leo. Watu walewale waliotaka kumchoma mtu wakaanza kubishana. Mmoja akasema fundi anastahili kuliko mwanasiasa. Mwingine akasema sasa serikali itaheshimiwaje. Wa tatu akataka kujua kwa nini hawakumweka aliyetengeneza baiskeli, maana betri inakwisha. Yule wa mafuta ya taa alikuwa anatoa hoja zake vizuri kabisa, chupa ameibana kwapani. Bashi Chanda ameketi chini, damu inamtoka puani, hakuna anayemkumbuka isipokuwa wewe uliyekuwa unamfuta kwa kitambaa cha kufunikia ugali. Mimi nikakaa chini kwenye vumbi. Sijawahi kupata nafuu kama ile maishani, hata siku ulipozaliwa, na siku hiyo ulichelewa kulia.

Laiti ningekuambia palepale. Tulitembea pamoja kurudi nyumbani, umebeba bakuli, ugali umepoa. Ukaniuliza, "Baba, ni baba mdogo ndiye aliyesema bandia?"

Nikasema, "Mm."

Basi. Sikutunga uongo mrefu, wala sikumsingizia kwa maneno. Nilitoa sauti moja tu kupitia puani, na miaka minne imepita juu ya sauti hiyo. Nilipomwambia Simoni kesho yake, nilitegemea anirukie. Akasema, "Acha tu, kaka. Ni mtoto, atasahau." Wewe na kusahau, wapi na wapi. Hukwenda kwenye harusi yake, ukasema unaumwa tumbo. Alipopata mtoto wa kwanza, mama yako alikutuma na uji, ukauweka mlangoni ukaondoka. Kila mara nilisema nitamwambia wiki ijayo. Kuna wakati nilikasirika kabisa na wewe kwa kukosa adabu kwa mdogo wangu, nikakugombeza, unakumbuka? Nilikuwa nakugombeza kwa kuamini nilichokuambia mimi mwenyewe.

Lingine hulijui. Wiki mbili baada ya siku ile nilivuka na Simoni kwenda kwa Bashi Chanda, nyuma ya Nakonde upande wa Zambia, godoro kichwani kwa zamu. Ile noti, iliyobaki mkononi mwa Simoni siku ile, nilikuwa nimeipeleka mwenyewe benki Mbeya, wakaipokea bila kukunja uso, na walichotoa hakikutosha nusu ya godoro. Sifuri zote zile. Mkewe akatupa maji na viazi vitamu. Nilipomaliza kiazi nikasema nilichokwenda kusema, kwamba aliyepiga kelele ni mimi.

"Ninajua, mukwai," akasema. "Nilikuwa nakutazama."

Nikamuuliza kwa nini hakusema palepale. Watu walikuwa wamegeuka, wangeweza kunila mimi. Bashi Chanda akamtazama mtoto wake aliyelala kwenye godoro jipya. Akasema, "Yule binti alikuwa ananifuta damu. Halafu akakuita baba."

Nililia njia nzima, nakuambia ukweli. Simoni akajifanya anaangalia mahindi ya watu.

Ungedhani baada ya hapo nilifika nyumbani nikakueleza. Sikukueleza, na sababu yake si nzuri. Ulikuwa umeanza kunisomea. Tangu siku ile ulitaka kujua ni nani wengine wamewekwa kwenye hela bila kutawala, ukawa unaazima vitabu kwa mwalimu wako, jioni unakaa kwenye mkeka karibu na mimi. Ukaniambia Wajerumani wana mtu wa hesabu kwenye noti ya marki kumi, na pembeni yake mchoro wa mstari uliopinda kama kilima. Ukaniambia Wafaransa wamewaweka mke na mume pamoja, waliochunguza madini yanayotoa mwanga, nikamwita mama yako aje asikie kwamba kuna nchi mke anawekwa kwenye noti. Mwezi mmoja baadaye padri mmoja mgeni akanipitishia hiyo ya kilima, nikaijua kabla hajafungua mdomo, nikatamba siku nzima. Nilikuwa nimekuwa mwanafunzi wako. Nilipenda unavyonitazama, na sikutaka uache.

Siku moja ukanisomea habari za yule Mwingereza aliyekuwa kwenye noti ya zamani ya pauni moja, mtaalamu wa mwendo wa sayari. Kwamba baadaye alipewa kazi ya kusimamia kiwanda cha sarafu, akawa anawafuatilia watengeneza bandia. Ukacheka, ukasema, "Baba, huyu ni mwenzako." Nikakuuliza alikuwa anawakamataje. Ukasoma: anakaa na mashahidi, anawahoji mmoja baada ya mwingine, anaandika kila neno. Wengine walinyongwa, ndiyo, lakini waliulizwa kwanza. Nikasingizia nakwenda chooni. Nilisimama nyuma ya choo mpaka mama yako akaja kuniuliza kama tumbo linauma.

Siku hizi mtu akiniletea noti nisiyoijua naiweka kwenye goti, namuuliza imetoka wapi, na namwacha amalize. Wateja wenye haraka wamenikimbia, waende. Sikuambii hili ili uwe kama mimi. Wewe hukuwahi kuwa na ugonjwa huo. Siku ile ulikuwa na miaka kumi na mitano na, ukimwacha Simoni, ulikuwa mtu pekee pale mpakani aliyeitazama noti badala ya kumtazama mtu. Ila huko unakokwenda utakuwa unajua zaidi ya wengi wanaokuzunguka, na mara nyingi utakuwa sahihi. Mimi niliharibika wakati huohuo, wakati nilipokuwa sahihi mara nyingi.

Na kuhusu Simoni ulikuwa na haki ya kukosea. Ulitumia ulichokiona na alichokuambia baba yako. Usije ukajitesa. Mwenye mzigo ni mimi, na leo nimeushusha, mabega yangu mepesi mpaka najishangaa. Mchana nilimwambia Simoni kwamba nakuandikia. Tulikuwa tumekaa vigodani, hakuna wateja.

"Umechelewa, kaka," akasema.

Nikamwambia najua. Halafu akaanza kucheka, akaniuliza kama nimeandika pia kwamba yeye ndiye aliyeniuliza habari za nchi zenye desturi nyingine. Nikamwambia nitaandika. Tukacheka wote wawili kama tulivyokuwa tunacheka tukichunga mbuzi, mpaka dereva mmoja akatuuliza kama tumelewa. Sikujua kwamba nilikuwa nimeukosa mcheko wa mdogo wangu. Tulikuwa tunakaa bega kwa bega kila siku, na nilikuwa nimeukosa.

Mama yako alitaka barua hii niiweke kwenye mfuko wako wa chakula, uisome kwenye treni. Nimekataa. Ukiisomea njiani, huko karibu na Makambako, utalia peke yako na treni haitarudi nyuma. Ndiyo maana nakupa mkononi asubuhi, na nakuomba uisome ukiwa bado hapa. Treni yenyewe ni ya mchana, kama haijachelewa.

Ukifika mstari huu, Simoni atakuwa uani. Amesema atakuja mapema na baiskeli yake, afunge sanduku lako, akupeleke nalo kituoni. Alisema atakuja hata kama utatembea upande wa pili wa barabara. Kaanze na yeye. Sijui utamwambia nini, na nakuahidi sitasikiliza dirishani. Mimi nitakuwa jikoni na mama yako, nakunywa chai. Ukishamaliza na baba yako mdogo, njoo unigombeze. Haki unayo, na muda upo.

Baba yako